Waya wa Mzee Ndahani

Waliokuwepo siku ile ni hawa: Mzee Ndahani, kitandani katika chumba cha nyuma, mkewe, Mama Lidia, jikoni uani, binti yao Lidia, aliyekuwa anaposwa, ndani chumbani kwake kwa kuwa mwali haonekani mpaka aitwe, Baba Mdogo Anania, mdogo wake mzee, kwenye kochi la sebuleni, washenga wawili kutoka Kongwa, mmoja mrefu mwenye kofia ya pama ambaye ndiye aliyekuwa msemaji, mwingine mnene ambaye kazi yake ilionekana kuwa ni kucheka, na mimi, Sechelela, niliyekuwa napita kati ya hao wote na sinia mkononi. Wadogo zangu watatu hawakuwepo. Nilikuwa nimewapeleka kanisani tangu asubuhi na chupa ya uji, kwa sababu Baba Mdogo Anania alisema hataki wageni waulize watoto wale wamevaa hivyo ni wa nani.

Nawataja wote kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Anania kule Hombolo, na kwa kifo chake nimebaki mimi peke yangu ninayejua kilichotokea siku ile kati ya sebule na chumba cha nyuma. Tulikuwa wawili tunaojua. Kwa miaka mingi nilidhani siku mmoja wetu akifa, mwingine atapumua. Nilisimama kando ya kaburi, udongo mkavu wa Hombolo ukitupiga machoni kwa upepo, nikasubiri hiyo pumzi. Haikuja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja. Ya wazazi wangu sitayasema hapa. Walikuwa wameshaondoka, na shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili. Tulikuwa tunaishi Makole, katika chumba cha uani cha Mzee Ndahani, sisi wanne. Kilikuwa na upana wa kitanda kimoja na mkeka mmoja, na dirisha la nondo ambalo mdogo wangu Nyemo alilizibia boksi la biskuti. Mvua ikinyesha, na Dodoma hainyeshi mara nyingi, tulilazimika kusogeza kitanda katikati na kuweka sufuria kwenye kona. Kwa chumba kile hatukulipa kodi. Mama Lidia alitupa baada ya msiba, mbele ya watu, na sharti lake lilikuwa ni mimi kuteka maji siku za mgao na kumsaidia kumgeuza na kumwogesha mzee. Ndugu zetu walikuwa wameshagawana wadogo zangu kwa maneno: Nyemo angekwenda kwa mjomba Mpwapwa, Lameki angechunga, Tabitha angechukuliwa na mtu wa Morogoro ambaye hata jina lake sikulijua. Chumba kile ndicho kilichozuia. Kila kitu nilichofanya mwaka ule, chema na kibaya, nilikifanya ili chumba kile kisitutoke.

Mchana nilikuwa kwa Fundi Yona, Majengo, kwenye kibanda chake cha ving'amuzi na madishi nyuma ya wauza karanga. Yona alikuwa mtu wa matani na wa haraka. Alinifundisha kupanda juu ya bati bila kulitoboa, kutafuta mawimbi kwa kugeuza dishi kidogo kidogo kama mtu anayefungua kufuli la jirani, na kupima rimoti kwa kamera ya simu. "Mwanga wa rimoti jicho la binadamu haliuoni," aliniambia siku ya kwanza. "Lakini simu inauona. Bonyeza, tazama." Nikatazama kwenye kioo cha simu yake, nikaona kitone cha zambarau kikiwaka na kuzimika mbele ya rimoti ambayo, nikiitazama kwa macho yangu, ilikuwa imelala kama jiwe. Nimefanya kazi hii hadi leo, nina kibanda changu, na bado nawaonyesha wateja mchezo huo.

Mzee Ndahani alikuwa amestaafu serikalini. Kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao. Miaka thelathini aliandika wenzake walivyosema. Kiharusi kilimchukua ulimi na upande wote wa kulia, kikamwachia macho, shingo kidogo, na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Hakuweza kuita. Walimfungia kengele ya mbuzi mkononi, akashindwa kuitikisa. Mara nyingi niliingia asubuhi nikamkuta amelowa, ametutumbulia macho, na hujui amelala hivyo tangu saa ngapi. Mama Lidia alikuwa anamfuta huku akimsema kwa upole, "Baba Lidia, na wewe si ungengoja kidogo?" Kisha akitoka nje alikuwa analia kwenye pipa la maji, kimya, ameinama kama anayechota.

Lidia alipopata mshahara wake wa kwanza alimnunulia baba yake TV ndogo ya chumbani. King'amuzi kilibaki kimoja, sebuleni, ndani ya kabati la vioo, na tukavuta waya kupitia darini ili TV zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Tatizo likawa kubadilisha. Mzee alikuwa na nguvu ya kubonyeza, lakini rimoti haipiti ukuta. Ikawa siku nzima ni "Seche, kambadilishie baba," nami nakimbia sebuleni, nabonyeza, nakimbia chumbani kumuuliza kama ndicho, naye anafumba macho kusema sicho. Nikamweleza Fundi Yona. Akacheka, akachimba kwenye boksi lake, akatoa kipakiti cha nailoni chenye waya mwembamba uliokunjwa. "Hii ndiyo dawa yake. Huku kuna jicho, huku kuna punje. Jicho unaliweka chini ya TV ya mgonjwa. Linapokea mwanga wa rimoti, linaupeleka kwenye waya, unakwenda kutokea kwenye punje. Punje unaibandika kwenye king'amuzi, palepale kinapopokelea. King'amuzi kinadhani mtu yuko mbele yake."

Nilikifunga Jumapili baada ya ibada. Niliondoa kipande cha dari ya jipsamu pale pembeni, nikapitisha waya kwa kutumia ufito, nikateremka nao nyuma ya kabati nikiupigia klipu kila shubiri. Baba Mdogo Anania alikuwa amekaa kwenye kochi na sahani ya ugali wa uwele na mlenda, ananitazama. Alikuwa amehamia pale tangu kaka yake aanguke, akisema nyumba haiwezi kukosa mwanamume.

"Msichana wa juu ya dari," alisema. "Panya watakuoa."

"Wakiwa na ng'ombe, baba, nitafikiria."

Akacheka mpaka mlenda ukamdondoka kifuani. Anania hakuwa mtu mbaya wa kila siku. Hilo lazima niliseme.

Kifaa kiligoma saa nzima. Taa nyekundu ya jicho ilikuwa inapepesa kila nikibonyeza rimoti, maana yake inapokea, lakini king'amuzi kilikaa kimya. Nikaitazama punje kwa kamera ya simu: zambarau ipo. Basi mwanga ulikuwa unafika, ila haukuwa unalenga. Nilikuwa nimeibandika punje upana wa kidole pembeni mwa pale panapopokea. Nikaisogeza, nikaikaza kwa solotepu nyeusi, nikarudi chumbani. Halafu jua la saa tisa likaingia dirishani likapiga jicho moja kwa moja, likalivuruga tena, ikabidi Mama Lidia atundike khanga. Baada ya hapo nilimwekea mzee rimoti kiganjani, nikaifunga kwa utepe usimbane. Akabonyeza. Taarifa ya habari ikaondoka, ikaja kwaya. Akabonyeza tena. Mpira. Akanitazama. Nusu ya uso wake ilicheka na nusu ikabaki ilivyo. Mama Lidia alikaa chini sakafuni palepale, akafunika uso kwa mikono.

Ilichukua wiki mbili kujua kwamba habadilishi kwa kuburudika. Tulikuwa tunaona TV ya sebuleni imeruka yenyewe kwenye kwaya, tunasema mzee kaokoka upya. Mimi ndiye niliyegundua, kwa sababu ndiye niliyempelekea maji: kila ilipotua kwenye kwaya, alikuwa na kiu. Nikamuuliza, "Baba, kwaya ni maji?" Akafumbua macho kwa nguvu. Ndipo tukapanga naye, mimi nikitaja na yeye akijibu kwa macho. Kwaya ni maji. Mpira ni kugeuzwa. Katuni ni haja. Na kurukaruka, chaneli moja baada ya nyingine bila kutua, maana yake njooni sasa hivi. Nyumba nzima ikajifunza. Mama Lidia akipika uani alikuwa anaacha mlango wazi aone TV ya sebuleni, na ikitokea katuni anatupa mwiko, "Haya, mfalme anaita!" Kwa miezi mitano mzee hakulala tena kwenye mkojo. Jirani waliokuja kutazama taarifa ya habari walizoea kukatishwa. Sijawahi kufunga kitu kingine kilichofanya kazi kama kile.

Washenga walikuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Mama Lidia alikuwa ameamka kuchinja kuku watatu. Kwa desturi mzee ndiye angekaa mbele yao, lakini Anania alisema atakaa yeye, na kaka yake atasikia kupitia mlango, utaachwa wazi. TV ikawashwa tangu wageni hawajavua viatu. Kwetu mgeni hazimiwi TV; ukiizima wakati amekaa, umemwambia aende. Sauti ikapunguzwa, picha ikabaki, sinema ya watu wanaofukuzana kwa magari, na yule mshenga mnene akawa anaitazama kwa jicho moja huku mwenzake akianza.

"Mbukwenyi," mwenye kofia alisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa," Anania akaitikia.

"Tumepita njiani tumeona zizi la watu hawa lina mbuzi jike mmoja mzuri. Tukasema tuingie tuulize kama ana mwenyewe."

"Mwenyewe yupo. Ila mbuzi wetu amesoma, si wa kuuliza ukiwa umesimama."

Wakacheka wote. Nilikuwa namimina soda. TV ikatua kwenye kwaya. Nikaweka chupa chini, nikaenda chumba cha nyuma, nikampa mzee maji kwa kijiko. Alikunywa vizuri. Nikarudi. Sinema ilikuwa imesharudi, nilimbonyezea mwenyewe, na maneno yalikuwa yamefika kwenye ng'ombe. Mshenga mwenye kofia alisema kumi. Anania alisema kumi ni wa kuonjea. Wakavutana, wakataniana, yule mnene akasema, "Mnatuonyesha TV kubwa mtutishe? Ng'ombe hawali TV." Hapo ikaanza kurukaruka.

Habari, katuni, mpira, kwaya, habari. Nikainuka. Anania akanishika mkono kwa tabasamu, kama mtu anayemzuia mtoto. "Kaa. Umetoka huko sasa hivi."

"Nyumba hii ina jini la rimoti," mshenga mnene alisema.

"Ni kaka, anachezea."

"Au hataki ng'ombe wetu!" Na kicheko. Lakini mwenye kofia hakucheka. Alikuwa amekatishwa katikati ya sentensi, na alikuwa anaitazama TV kama mtu aliyetukanwa. Picha ilikuwa inakwenda mbio. Anania akasimama, akanivuta mpaka nyuma ya kabati, akaniambia kwa sauti ya chini, "King'oe."

"Baba, ndiyo mdomo wake huu."

"Mdomo wake leo ni mimi. King'oe, utakibandika wakishakula."

"Nikamtazame kwanza."

"Seche." Hakupandisha sauti. "Kile chumba kina mtu ananiomba kila wiki, na yeye atalipa. Nimekuwa namkatalia. Unataka nisimkatalie?"

Niliingiza kucha chini ya solotepu, nikaibandua punje, nikaiacha inaning'inia nyuma ya kabati. TV ikatulia kwenye mpira. Anania akairudisha kwenye sinema kwa kitufe cha king'amuzi, akaketi, akasema, "Samahanini, ndugu zangu, tulifika wapi?" Walifika kumi na wawili na mbuzi watano. Wakapeana mikono. Mimi nikaitwa uani kubeba chakula. Mama Lidia alikuwa amekaa karibu na moto, jasho usoni, tangu wageni waingie hajapata nafasi ya kutazama TV; akachungulia sebuleni kupitia mlango. "Baba yenu leo katulia," alisema. "Anajua ni siku ya mwanawe." Nikachukua sinia.

Nilipita mbele ya mlango wa mzee mara nne. Anania alikuwa ameurudishia, haukufungwa, umebaki upenyo wa kuingia mkono. Mara ya kwanza nilikuwa na maji ya kunawa. Mara ya pili wali. Mara ya tatu kuku, na mshenga mnene akaita, "Binti, pilipili!" Mara ya nne pilipili. Ningeweza kusukuma mlango kwa kiwiko. Nimelifikiria hilo kuliko jambo lolote maishani mwangu, nikiwa juu ya mabati ya watu, nikiwa nasubiri mteja. Sikusukuma. Nilisema moyoni, wakishakula.

Walipokula wakashiba na kuanza kuchokoa meno, nilikwenda nyuma ya kabati nikaibandika punje palepale. Nikasubiri iruke. Haikuruka. Na nitaandika ukweli wote: nilifurahi. Nilisema amelala.

Kisha nikaenda. Mzee alikuwa ameteleza upande wa kulia, ule uliokufa, uso umezama nusu kwenye mto. Rimoti ilikuwa sakafuni. Utepe ulikuwa umechomoka, kifuniko cha nyuma kimefunguka, betri moja iko chini ya kitanda. Sinema ya magari ilikuwa inaendelea mbele yake, ileile ya wageni. Nilimgeuza. Nilijua kabla sijamgusa.

Sikupiga kelele. Nilipiga magoti, nikaitafuta betri, nikairudisha, nikabonyeza kifuniko mpaka kikalia. Nikamnyoosha mzee kwenye mto, nikamfumba macho, nikaweka rimoti kiganjani mwake na kufunga utepe kama nilivyokuwa nafunga kila asubuhi. Nilipoinua kichwa, Anania alikuwa amesimama mlangoni na kijiti mdomoni. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Tulitazamana. Alitoa kijiti, akakitia mfukoni mwa shati, akaenda sebuleni kuwaaga wageni vizuri, ili mahari isiharibiwe na kilio. Walipotoka getini ndipo nilipomwita Mama Lidia.

Alimtazama mumewe, akaishika ile mikono. Akaniuliza, "Hakubonyeza?"

"Hakubonyeza, mama."

"Hata mara moja?"

"Maji tu, nikampa."

"Basi alikwenda kwa amani," alisema. "Amesikia mwanawe ameposwa, akalala." Na ndipo akalia, kilio kilekile cha kwenye pipa la maji, ila sasa kwa sauti.

Sijui mpaka leo kama mzee alikuwa anaita au alikuwa anakataa. Pengine alikuwa na neno kuhusu ng'ombe. Pengine alikuwa anakosa hewa. Angeishi kama ningekwenda? Daktari mmoja niliyemfungia dishi nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, kama habari ya mtu mwingine. Alisema haiwezekani kujua. Nilitamani aseme hapana.

Tangu siku ile Anania hakutaja chumba tena. Miaka tisa tuliishi pale. Nyemo alisomea uuguzi akitokea chumba kile. Lameki anachomelea mageti, ana watoto wawili. Tabitha, aliyekuwa apelekwe kwa mtu nisiyemjua jina, anafundisha. Nikiwaona wote watatu mezani siwezi kusema ningetenda vingine, na nikisema hivyo kwa sauti chumbani peke yangu nasikia aibu. Anania naye hakustarehe. Alikuwa anakuja kibandani kwangu mara nyingine, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anazungumzia bei ya zabibu, anaondoka. Mara moja tu alisema, akiwa ameshainuka, "Mimi ndiye niliyesema king'olewe." Nikamjibu, "Mimi ndiye niliyeng'oa." Hatukulirudia.

Msibani Hombolo, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na Mama Lidia, ambaye sasa sikio moja halisikii, akawa anawasimulia tena. Hupenda kusimulia kifo cha mumewe kwenye misiba ya wengine, kuwatuliza wafiwa. Aliwaambia jinsi TV ilivyotulia, jinsi rimoti ilivyokuwa mkononi, hakuhangaika, hakuita. "Mwulizeni Seche. Seche alikuwepo." Mjane wa Anania akageuka kunitazama, macho yamevimba. Nikaitikia kwa kichwa.

Jioni jua likiwa bado lipo, tulipokuwa tunasubiri gari, Mama Lidia alinishika mkono akaniketisha kando yake. Nilikuwa nimekata shauri njia nzima kwamba nikipata nafasi nitasema. Nikaanza, "Mama, kuna neno la siku nyingi."

"Hata mimi ninalo," alisema. "Acha nianze, nitasahau." Aliniambia yeye na Lidia wanataka kufanya ibada ya shukrani kwa ajili ya mzee, kanisani Makole, na kuweka jiwe kaburini. Alitaka mtu asimame aeleze mwisho wake. Lidia hawezi, huwa analia. "Nimemwambia mchungaji utakuwa wewe. Yule baba miezi ile mitano alikuwa mtu tena kwa ajili yako. Nina deni kwako, mwanangu, sijawahi kulilipa. Nilitaka walisikie kanisani."

"Mama," nilisema, "mimi ndiye niliye na deni."

"Eti nini?"

Nilikuwa upande wa sikio lisilosikia. Ningeweza kuzunguka nikakaa upande wa pili.

"Nitasimama, mama," nikasema kwa sauti kubwa.

Akanipigapiga kiganja. Gari likaja, nikampandisha, nikamfunga mkanda. Ibada ni Jumapili ya tatu kuanzia leo, na mchungaji ameshaniletea ratiba. Jina langu liko baada ya somo la pili, dakika kumi.